Nani alimchagua Meya wa Jiji la Dar es Salaam?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi, naishi Mbagala. Naandika kazi ya chuo kuhusu historia ya uchaguzi katika iliyokuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ile iliyovunjwa 2021. Nimetafuta matokeo ya madiwani wa Jiji wa 2000, 2005, 2010 na 2015, sijapata hata ya mwaka mmoja. Ya Temeke yapo, ya Ilala yapo, ya Jiji hakuna. Nikirudi nyuma, miaka ya 1970 na ile ya 1996 hadi 2000 ni kimya kabisa. Je, nyaraka zimepotea, au ni mimi nisiyejua pa kutafuta?"

Marahaba, mwanangu. Hakuna kilichopotea. Unatafuta matokeo ya uchaguzi ambao haukuwahi kufanyika, na usijilaumu, maana watu wazima waliokaa mjini hapa miaka 40 wanakosea hapo hapo.

Anza na karatasi za kura. Tarehe 25 Oktoba 2015 mpiga kura wa Mbagala aliingia kituoni akapewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Hiyo ya tatu ilikuwa ya kata yake, na diwani aliyeshinda alikwenda kukaa kwenye baraza la Manispaa ya Temeke. Mwenzake wa Buguruni alipata diwani wa Manispaa ya Ilala, na wa Sinza alipata diwani wa Manispaa ya Kinondoni. Karatasi ya nne, ya diwani wa Jiji, haikuwapo. Ndiyo maana unaipata Fomu Na. 21C ya kituo cha Mbagala, ile ya matokeo ya udiwani, lakini huwezi kupata inayosema "Jiji".

Halmashauri unayoiulizia, ile ya 2000 hadi 2021, iliundwa na watu waliokwisha kuchaguliwa kwa kazi nyingine. Walikuwamo mameya wa manispaa, wabunge wa majimbo ya Dar es Salaam, na madiwani ambao kila manispaa iliwachagua miongoni mwao na kuwapeleka huko juu. Lilikuwa baraza la watu ishirini na kitu hivi. Kazi yake ilikuwa kushughulikia mambo yanayovuka mipaka ya manispaa: dampo la Pugu Kinyamwezi, kituo cha mabasi cha Ubungo, na mali za pamoja, zikiwamo asilimia 51 ya hisa za shirika la usafiri la UDA. Kwa hiyo palikuwa na Meya mwenye joho na mkufu, anayepokea wageni wa nchi kwa niaba ya jiji zima, na hapakuwa na mwananchi hata mmoja aliyewahi kutia alama mbele ya jina lake.

Ukilishika hilo, historia yote inakaa sawa. Hebu turudi nyuma, maana jina "Halmashauri ya Jiji" limevaliwa na vyombo zaidi ya kimoja.

Dar es Salaam ilipata baraza la manispaa mwaka 1949. Mwanzoni wajumbe waliteuliwa na Gavana, kwa hiyo hapo usitafute kura. Siasa ya kura ilikuja na TANU, uhuru ulipokaribia, na mwaka 1960 mji ukapata Meya wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abedi. Wengi leo wanalijua jina lake kwa sababu ya uwanja wa mpira wa Arusha. Watu wa ushairi wanamjua kwa jambo jingine, na mimi huwa nacheka kila ninapofika hapa, kwa sababu sijui mtu mwingine aliyelibeba neno "diwani" kwa maana zake zote mbili kwa uzito kama wake: diwani ya mashairi aliitunga, na baraza la madiwani akaliongoza. Baadaye akawa Waziri wa Sheria, akafariki 1964 akiwa bado kijana. Wakati huo Dar es Salaam ilikwisha kupewa hadhi ya jiji, mwaka 1961, na baraza lake lilikuwa baraza kweli, lenye madiwani wake na bajeti yake.

Kimya cha kwanza ulichokutana nacho, cha miaka ya 1970, kinatokana na Madaraka Mikoani. Mwaka 1972 serikali ilizivunja halmashauri za wilaya, na muda mfupi baadaye za miji nazo zikafuata. Wazo lilikuwa kupeleka maamuzi mikoani, karibu na wananchi. Kilichopelekwa mikoani kwa hakika ni maofisa wa serikali kuu, na diwani aliyekuwa anagongewa mlango usiku kwa sababu ya mtaro ulioziba akabaki hana kazi. Dar es Salaam ikawa mkoa wenye wilaya tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Yashike majina hayo matatu, yatarudi.

Miji haikukaa vizuri. Uchafu ulilundikana, huduma zikazorota, kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 Bunge likapitisha sheria ya mpito ya kurudisha halmashauri za miji, na mwaka uliofuata ikaja sheria ya uchaguzi wa serikali za mitaa, Sheria Na. 4 ya 1979. Kisha zikafuata sheria kubwa za 1982: Na. 7 ya mamlaka za wilaya, Na. 8 ya mamlaka za miji na Na. 9 ya fedha. Madiwani walichaguliwa 1983, na halmashauri nchi nzima zikaanza kazi rasmi Januari 1984. Katika kazi yako, pengo la miaka ya 1970 liandike wazi kwamba chombo chenyewe kilikuwa kimefutwa. Ukiandika "takwimu hazikupatikana" utakuwa umempotosha msomaji.

Chaguzi za 1983 na 1988 zilikuwa za chama kimoja. Wagombea walipitishwa na CCM, kwa hiyo mchujo wenyewe ulifanyika kwenye vikao vya chama, na siku ya kura mwananchi alichagua kati ya wana-CCM. Huyu Kitwana Kondo utakayekutana naye sana katika magazeti ya zamani ni Meya wa zama hizo, mtu wa maneno na vichekesho, na alijua kulibana baraza likamsikiliza.

Lakini nataka ukae kidogo kwenye jambo moja la kipindi hicho ambalo halimo katika jedwali lolote la uchaguzi. Halmashauri ilikuwa ikimwaga taka za mji mzima Tabata, katikati ya makazi ya watu. Moshi, nzi na harufu, usiku na mchana. Katika mfumo wa vyama vingi, wakazi wa namna hiyo wangemngoja diwani kwenye sanduku la kura wakampa mtu wa chama kingine. Tabata hawakuwa na chama kingine cha kumpa. Walikwenda Mahakama Kuu, wakaishitaki Halmashauri ya Jiji, na mwaka 1988 wakashinda. Hata baada ya hukumu Halmashauri ilivuta miguu, na dampo lilifungwa mwaka 1991. Nikifundisha somo hili huwa naiweka kesi ya Tabata humo humo kwenye sura ya uchaguzi, na wanafunzi hushangaa. Mimi naiona kuwa ndiyo kura ya upinzani iliyopigwa Dar es Salaam kabla ya vyama vingi kurudi.

Vyama vingi vilirudi kisheria Julai 1992, na uchaguzi wa kwanza wa madiwani chini ya mfumo huo ulifanyika Oktoba 1994, mwaka mmoja kabla ya ule wa Rais na wabunge. CCM ilishinda karibu kila mahali nchini. Ukiitazama ramani ya matokeo yale utadhani hakuna kilichobadilika. Dar es Salaam ikapata baraza jipya la madiwani wa kata, wa Jiji hasa, na hao ndio wa mwisho. Kama kuna matokeo ya "madiwani wa Jiji" unayoweza kuyatafuta ukayapata, ni ya 1994. Baada ya hapo, wasahau.

Kwa nini wasahau? Kwa sababu Juni 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja baraza lile. Taka zilikuwa zimelishinda jiji, barabara zilikuwa mashimo, mapato hayaeleweki yanakokwenda. Badala ya kuitisha uchaguzi mpya, serikali iliweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, na Tume hiyo ikaendesha mambo hadi mwanzoni mwa 2000. Hicho ndicho kimya chako cha pili. Kwa karibu miaka minne mji mkubwa kuliko yote nchini uliendeshwa na watu walioteuliwa.

Hapa wasomi hugawanyika, na mimi nitakupa maoni yangu. Watu wa Dar es Salaam hawakulia. Tume ilizoa taka, ilikusanya kodi, ilitengeneza barabara, na mitaani ulisikia watu wakisema afadhali hawa kuliko madiwani. Ushahidi wenyewe ni kwamba Keenja alipogombea ubunge wa Ubungo mwaka 2000 alishinda, kisha akawa Waziri wa Kilimo. Mimi sikuipenda Tume kama utaratibu, kwa sababu chombo kisichochaguliwa kikifanya vizuri kinawazoesha watu kuona kura ni usumbufu. Lakini nisikudanganye: ningekuwa nakaa pembeni ya lundo la taka mwaka 1996, huenda nami ningeshangilia.

Tume ilipomaliza kazi haikurudisha baraza lililovunjwa. Jiji liligawanywa kwa mipaka ya zile wilaya tatu, zikazaliwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na juu yake ukawekwa mwavuli, Halmashauri ya Jiji ya mtindo nilioueleza mwanzo. Kata zote zikaenda chini, kwenye manispaa. Mwavuli ukabaki hauna kata.

Mwavuli huo ulikuwa na mameya wanne. Wa kwanza, 2000 hadi 2005, alikuwa Kleist Sykes, mtoto wa Abdulwahid Sykes na mjukuu wa yule Kleist Sykes wa African Association, chama kilichotangulia TANU, ukoo ambao huwezi kuandika historia ya siasa za mji huu ukauruka. Akafuata Adam Kimbisa, kisha mwaka 2010 Dk. Didas Masaburi. Wote watatu ni CCM, na uchaguzi wao hauna mengi ya kusimulia, kwa sababu chama kilikuwa na madiwani wengi katika manispaa zote. Jina lililopita kwenye kura za ndani za chama lilikuwa limeshapita. Yaliyobaki yalikuwa sherehe na kupiga picha na joho.

Mwaka 2015 hesabu ikageuka. Vyama vya upinzani vilivyoungana chini ya UKAWA vilipata majimbo 6 kati ya 10 ya Dar es Salaam: Kawe, Ubungo, Kibamba, Kinondoni, Ukonga na Temeke. CCM ikabaki na Ilala, Segerea, Mbagala na Kigamboni. Kwenye udiwani nako upinzani ulizidi Ilala na Kinondoni. Ghafla umeya wa Jiji, ambao kwa miaka 15 ulikuwa jambo la vikao vya ndani ya chama kimoja, ukawa na ushindani wa kweli, na kila mtu akaanza kusoma sheria kutafuta nani hasa ana haki ya kupiga kura.

Swali hilo lilikuwa na uzito. Meya wa Jiji alikuwa anachaguliwa kwa kura ya siri na mkutano wa madiwani wote wa manispaa zote: wa kata, wa viti maalumu, pamoja na wabunge. Diwani wa kata huwezi kumwongeza wala kumpunguza. Mbunge wa viti maalumu, hata hivyo, huhesabiwa kulingana na mahali anapokaa, na hapo ndipo ubishi ulipozuka. Tangu uchaguzi wa mameya wa manispaa wapinzani walikuwa wakilalamika kwamba wabunge wa viti maalumu wasio wakazi wanaletwa kuongeza kura. Uchaguzi wa Meya wa Jiji ukaahirishwa zaidi ya mara moja. Tarehe 27 Februari 2016 wajumbe walikuwa wameshajaa ukumbini Karimjee, ukumbi uliowahi kuwa wa Bunge, wakaambiwa kuna zuio la mahakama na uchaguzi haupo. Wapinzani wakalikataa zuio lile, kukawa na vurugu, polisi wakaingia.

Walirudi hapo hapo Karimjee tarehe 22 Machi. Safari hii kura zilipigwa. Isaya Mwita wa Chadema alipata 84, Yenga Omary wa CCM 67, na 7 ziliharibika. Jumla 158. Hiyo ndiyo namba pekee ya ushindani wa vyama katika miaka 21 ya mwavuli, na ukiiweka kwenye kazi yako uielezee: watu 158 walimchagua kiongozi wa mji wa mamilioni, na hakuna kanuni iliyovunjwa kwa kufanya hivyo.

Sasa fuatilia ushindi ule ulivyoyeyuka, kwa sababu hili halionekani ukisoma matokeo ya Oktoba tu. Mwishoni mwa Desemba 2016 mkoa haukuwa na manispaa tatu tena. Ubungo ilikuwa imekatwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Palipokuwa na mabaraza matatu yanayopeleka watu Jijini sasa pakawa na matano, na mizani ya kila moja ni tofauti na ya lile lililokatwa. Halafu ikaja hamahama. Mbunge wa Kinondoni alijiuzulu Desemba 2017 akahamia CCM, wa Ukonga akafuata Julai 2018, na wa Temeke Novemba mwaka huo huo. Wote watatu walirudi bungeni kwa tiketi ya CCM. Madiwani nao walihama, mmoja mmoja, kata hii na ile. Kila aliyehama alibadilisha hesabu ya vikao viwili kwa mpigo, cha manispaa yake na cha Jiji.

Januari 2020 baraza la Jiji lilimwondoa Mwita kwa azimio la kutokuwa na imani naye. Lilihitaji theluthi mbili ya wajumbe, na kama hiyo theluthi mbili ilitimia au haikutimia ni jambo lililobishaniwa pale pale ukumbini na siku nyingi baadaye; Mwita mwenyewe alisema akidi haikutimia. Linalonivutia zaidi ni tofauti ya idadi. Alichaguliwa na mkutano wa watu 158, akaondolewa na baraza la watu ishirini na kitu. Mlango wa kuingilia ulikuwa mpana, wa kutokea ulikuwa mwembamba, na aliyeujua ule mwembamba hakuhitaji kuwashawishi wengi.

Baada ya Oktoba 2020 CCM ilikuwa imechukua karibu kila kata. Mabishano ya nani awe Meya wa Jiji hayakuwa na maana tena, na chombo chenyewe hakikuishi muda mrefu. Tarehe 24 Februari 2021, akizindua barabara za juu za Ubungo, Rais John Magufuli alitangaza kuivunja Halmashauri ya Jiji. Hoja yake ilikuwa kwamba halmashauri hiyo haina eneo wala wananchi wake, inaishi kwa michango ya manispaa na kuitumia kwa posho. Waliompinga walisema mji mkubwa unahitaji chombo cha kuunganisha mipango. Nadhani wote walikuwa na hoja. Lakini kuhusu kutokuwa na wananchi wake, Rais alikuwa anaeleza tu kilichojengwa mwaka 2000.

Sasa pa kutafuta. Kwa 1994 nenda kwenye magazeti ya Oktoba na Novemba mwaka huo na kwenye Gazeti la Serikali. Kwa 2000 hadi 2020 kusanya matokeo ya udiwani kata kwa kata, manispaa kwa manispaa. Yalisimamiwa na Tume ya Taifa ya Uchaguzi, siku moja na ya Rais. Kata za mkoa zilikuwa 102 kufikia 2015, kwa hiyo kazi hiyo inamalizika kwa wiki chache ukiwa na subira. Halafu tafuta mihutasari ya vikao vya mabaraza ya manispaa, ile ya kikao cha kwanza baada ya kila uchaguzi mkuu, kwa sababu humo ndimo mlimoandikwa nani alipelekwa Jijini. Orodha ya wajumbe wa Jiji utaijenga kutoka huko, haijakaa mahali pamoja.

Usichanganye hayo na kile ambacho redio zetu hukiita "uchaguzi wa serikali za mitaa". Huo ni wa wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji, unasimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na una miaka yake: 1994, 1999, 2004, 2009, 2014, 2019, 2024. Nimesahihisha kazi za wanafunzi wazuri tu waliochukua takwimu za 2014 wakaziita za madiwani.

Na kuna mtego mmoja wa mwisho, hasa kwako wewe wa Mbagala. Siku ile Jiji lilipovunjwa, hadhi ya jiji ilihamishiwa Manispaa ya Ilala. Kuanzia hapo, kila faili lililoandikwa "Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam" linahusu iliyokuwa Ilala: Kariakoo, Buguruni, Ukonga, Segerea na majirani zao. Hiyo ina kata zake na madiwani wake wa kuchaguliwa. Ukikuta matokeo ya karibuni yenye jina hilo, usiyaunganishe na jedwali la mwavuli wa zamani, na usiitafute Mbagala humo. Mbagala iko Temeke.